Mazungumzo ya 17: Mpira Mwembamba Unaofika Moyoni

Kama uko Kondele, Nyalenda, Dunga, Usenge, Mbita au popote pale kando ya ziwa letu, sogeza kiti karibu. Na wewe unayesoma kijitabu hiki nyumbani au kwenye foleni ya kliniki, soma polepole, kisha umsomee na mwenzako.

Leo ninazungumza hasa na mama, baba, dani au mlezi yeyote aliyeambiwa na daktari kwamba mtoto wake atatibiwa moyo kwa mpira unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu. Maneno hayo hutisha. Wako wazazi wanaorudi nyumbani na barua ya rufaa, wakaifungia sandukuni kwa hofu, na mtoto akazidi kudhoofika. Hofu hupungua mtu akielewa. Basi tuelewane.

Swali la dani

Dani mmoja kutoka upande wa Dunga alinijia na mjukuu wake wa miaka 11. Msichana huyo alikuwa akihema kila alipobeba ndoo ndogo ya maji, na usiku alikohoa asiweze kulala chali. Picha ya moyo, ile inayoitwa eko, ilionyesha kwamba mlango mmoja wa moyo wake, yaani vali, ulikuwa umekakamaa na kubana. Damu haikupita vizuri, ikarudi nyuma kwenye mapafu. Ugonjwa ulianza miaka kadhaa nyuma kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa. Yakaleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikaacha kovu moyoni.

Daktari alishauri vali ipanuliwe kwa puto. Dani akaniuliza, "Nyara, wanasema wataingiza mpira kwenye paja la mtoto mpaka moyoni. Mshipa wa mtoto ni mwembamba kama mrija wa kunywea soda. Je, hautapasuka?"

Nilimwambia, "Dani, swali lako ni zuri. Ndilo swali ambalo madaktari na mafundi wa vifaa wamelishughulikia kwa miaka mingi."

Mpira huo hupitaje?

Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijiingizia mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma mpaka moyoni, kisha akaenda kupigwa picha ya eksirei ili watu waamini. Alinusurika, na mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mpira wa namna hiyo huitwa katheta.

Mwaka 1953 daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, alieleza njia ya kuingia mshipani bila kuupasua kwa kisu. Kwanza sindano huingia. Ndani ya sindano hupitishwa waya laini. Sindano huondolewa, waya hubaki, na mpira hupita juu ya waya kama ushanga unavyopita kwenye uzi. Njia hiyo hutumika mpaka leo.

Siku hizi kuna kifaa kingine hutangulia, nacho ni ala. Unajua ala ya kisu au ya panga. Hii nayo ni mrija mfupi au mrefu unaokaa ndani ya mshipa kama ala, mdomo wake ukiwa nje ya ngozi. Katheta, puto na vifaa vingine huingia na kutoka kupitia ala hiyo. Kwa hiyo vifaa havikwaruzi mshipa kila vinapopita pale mlangoni. Ala ndiyo hukwaruzwa badala yake.

Lakini hapo ndipo tatizo jipya linaanza. Ili kifaa kikubwa kipite, ala nayo lazima iwe pana. Na ala pana ndani ya mshipa mwembamba huumiza.

Mshipa huumiaje?

Mshipa unaotoa damu moyoni huitwa ateri. Ukuta wake una matabaka matatu. La ndani ni laini sana, ili damu iteleze. La kati ni la misuli. La nje ni gumu kidogo, linashikilia yote.

Ala ikisukumwa kwa nguvu, mambo manne yanaweza kutokea. Kwanza, tabaka la ndani hukwaruzwa, na damu huganda juu ya mkwaruzo huo. Donge hilo likikua, damu haifiki mguuni. Pili, matabaka huachana, damu ikapita katikati yake na kuziba njia. Tatu, ukuta wote hupasuka, damu ikamwagika nje ya mshipa. Nyingine humwagikia ndani ya tumbo mahali usipoweza kuiona. Nne, mshipa hujikaza wenyewe kwa kuchokozwa, na hili huwapata watoto mara nyingi zaidi.

Mshipa mwingine, ule unaorudisha damu moyoni, huitwa vena. Ukuta wake ni mwembamba na hunyumbuka zaidi, na msukumo wa damu ndani yake ni mdogo. Nao unaweza kuziba au kutokwa na damu, lakini huvumilia mpira mpana kuliko ateri.

Kipimo chake

Upana wa mipira hii hupimwa kwa kipimo kiitwacho Frenchi, kilichotokana na kazi ya fundi Charrière wa Paris. Hesabu yake ni rahisi: Frenchi 3 ni milimita 1. Mpira wa Frenchi 6 una upana wa milimita 2. Lakini kumbuka kwamba namba ya ala hutaja upana wa ndani. Ukuta wa ala huongeza zaidi ya nusu milimita kwa nje, na huo wa nje ndio unaougusa mshipa.

Madaktari wa Ufaransa waliwahi kulinganisha upana wa nje wa ala na upana wa ateri ya paja. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Waliona kwamba upana wa ala ukigawanywa kwa upana wa mshipa na jibu likazidi 1.05, madhara huongezeka. Kwa maneno mengine, ala ikishakuwa pana kuliko mshipa, hata kwa kiasi kidogo tu, hatari hupanda.

Ala inayopanuka

Mwaka 2002 huko Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier aliweka vali mpya moyoni mwa mgonjwa kupitia mshipa, bila kupasua kifua. Vali hiyo hukunjwa ikawa ndogo, kisha hufunguliwa ndani ya moyo. Ilikuwa habari njema kwa wazee wasioweza kuvumilia upasuaji. Lakini hata ikikunjwa, vali za mwanzo zilikuwa nene. Ala zilizotumiwa miaka iliyofuata zilikuwa za Frenchi 22 na 24, yaani zaidi ya milimita 8 kwa upande wa nje. Ateri ya paja ya mtu mzima mara nyingi ni milimita 6 hadi 9. Unaona ilivyobana.

Mafundi wakajiuliza: vali ile nene hupita mahali pamoja kwa sekunde chache tu. Kwa nini tuutanue mshipa wote muda wote kwa ajili ya kitu kinachopita?

Umewahi kumwona nyoka aliyemeza chura? Uvimbe husogea polepole tumboni mwake. Mbele ya chura nyoka ni mwembamba, na nyuma ya chura anarudi kuwa mwembamba. Ala inayopanuka hufanya hivyo hivyo. Huingia ikiwa nyembamba. Vali inapopita, sehemu ile tu hutanuka, kisha hujirudi.

Hufanywaje? Ziko namna kadhaa. Namna ya kwanza, ukuta wa ala hukunjwa kama pindo la sketi. Vali ikipita, pindo hufunguka, kisha hujikunja tena. Namna ya pili, ukuta husukwa kama mkono wa sweta. Ngumi ikipita hutanuka, ukifika kwenye kifundo cha mkono hubana. Namna ya tatu, ala huingizwa ikiwa imekunjwa, halafu hutanuliwa kutoka ndani kwa puto. Nje hupakwa kitu kinachokuwa telezi kikilowa, telezi kama kambare, ili isivute ukuta wa mshipa.

Ala mojawapo ya aina hii ni ya Frenchi 14. Ikiingia, upana wake wa nje ni kama milimita 6 tu. Mshipa wenye nyama nzuri huweza kuvutika kidogo kwa muda mfupi vali inapopita, kisha ukapumzika. Tofauti na zamani, haukai umetanuliwa kwa muda wote wa matibabu, na tundu linalobaki kwenye ukuta wake ni dogo.

Je, imesaidia? Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, wakati wa ala zile pana, kati ya wagonjwa 100 waliowekewa vali kupitia paja, 16 hivi walipata madhara makubwa ya mishipa ndani ya siku 30. Katika utafiti wa vali za kizazi kipya uliochapishwa mwaka 2019, walikuwa kama 2 kati ya 100. Tuseme ukweli wote: wagonjwa wa ule wa kwanza walikuwa wagonjwa mahututi zaidi, na madaktari nao wamepata uzoefu. Si ala peke yake. Lakini kupungua kwa upana kumesaidia sana.

Ala hizi hazifanyi muujiza. Mshipa uliojikunja sana, au uliojaa chokaa kwa uzee, bado unaweza kupasuka. Tena ni za kutumiwa mara moja na kutupwa, na ni ghali.

Kwa mtoto je?

Mama mpendwa, ala hizo kubwa zinazopanuka zilibuniwa kwa ajili ya watu wazima wanaowekewa vali. Mtoto wako huenda asiwekewe hiyo. Ateri ya paja ya mtoto mchanga ina upana wa milimita 2 au 3 tu, na mikunjo ya ala ingeongeza unene mahali pasipo na nafasi. Kwa mtoto hutumiwa ala ndogo, mara nyingi ya Frenchi 4, 5 au 6, kulingana na umri na kazi.

Hata hivyo wazo ni lile lile: pita ukiwa mwembamba, panuka pale tu panapohitajika.

Chukua lile puto la mjukuu wa dani. Puto hilo lilibuniwa na daktari wa Japani, Kanji Inoue, na taarifa yake na wenzake ilichapishwa mwaka 1984. Kabla ya kuingizwa, puto huvutwa kwa mrija wa chuma likawa refu na jembamba. Huingia kupitia vena ya paja, siyo ateri. Likifika moyoni huachiliwa, likawa fupi, na hujazwa maji ya dawa mpaka lipanue vali iliyobana. Kisha huondolewa maji na kurefushwa tena ili litoke.

Njia nyingine ya kulinda ateri ni kutoigusa kabisa. Wapo watoto wanaozaliwa na mshipa mdogo karibu na moyo ambao ulipaswa kujifunga baada ya kuzaliwa, lakini ukabaki wazi. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kizibo kidogo kiitwacho Amplatzer Piccolo kwa watoto wenye uzito kuanzia gramu 700. Kwa watoto wadogo namna hiyo, kizibo huingizwa kwa vena peke yake, ili ateri ya paja isijeruhiwe.

Matibabu kwa katheta yapo Afrika Mashariki. Yapo Nairobi, yapo katika Taasisi ya Moyo ya Uganda kule Mulago, na yapo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Wengi wenu mnaijua ile Mater Heart Run, ambayo tangu mwaka 1994 imekuwa ikichangisha pesa za kutibu watoto wenye ugonjwa wa moyo. Kwetu hapa, anza kliniki iliyo karibu, upate barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado tunaiita Russia. Hakikisha mtoto amesajiliwa chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na uulize mapema ni gharama gani zitalipwa na zipi utabeba mwenyewe.

Kabla hujatia sahihi, uliza

Mama, karatasi ya kukubali matibabu si ya kutiwa sahihi kwa haraka. Kuuliza si utovu wa heshima. Uliza hivi:

1. Daktari, mtapita kwenye ateri, kwenye vena, au zote mbili?
2. Je, mshipa wa mtoto utapimwa upana kwanza kwa mashine ya altrasaundi?
3. Ala itakuwa na upana gani, na je, kuna nyembamba zaidi inayofaa?
4. Tundu litafungwaje baadaye, na nani atakuwa akiuangalia mguu?
5. Tukirudi nyumbani tatizo likatokea, tumpigie nani simu?

Nawe umweleze daktari dawa zote anazotumia mtoto, hasa za kuzuia damu kuganda, hata za kienyeji. Mweleze kama mguu mmoja umewahi kuwekewa mpira hapo awali. Kama msichana amevunja ungo, sema tarehe ya hedhi yake ya mwisho.

Baada ya matibabu, kazi ni yako pia

Ala ikitolewa, muuguzi au daktari hukandamiza tundu mpaka damu isimame. Mtoto hulala chali, mguu umenyooka, kwa saa kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6. Mtoto mdogo atalia atake kubebwa. Mwimbie, msimulie hadithi, lakini usimkunje mguu.

Fanya jambo hili moja, nalo halihitaji mashine: gusa miguu yote miwili kwa mara moja, mkono wa kulia mguu mmoja, wa kushoto mguu mwingine. Linganisha. Je, mmoja ni baridi kuliko mwenzake? Ni mweupe au wa samawati? Mtoto anaweza kuchezesha vidole? Anasema mguu umekufa ganzi au unauma? Ukiona lolote kati ya hayo, mwite muuguzi saa hiyo hiyo. Usingoje kupambazuke.

Safari ya kutoka Nairobi hadi Kisumu ni ndefu. Usiondoke mpaka daktari aseme mtoto anaweza kusafiri. Njiani, gari likisimama, angalia kinena na uguse miguu. Ukishuka kituoni usimpandishe pikipiki akiwa ametanua miguu. Tafuta gari au tuktuk.

Nyumbani, kwa muda wa wiki moja au kama daktari alivyosema, asikimbie, asicheze mpira, asibebe ndoo. Aoshwe kwa maji safi na kukaushwa vizuri. Asiogelee wala kuoga ziwani.

Damu ikitoka pale kwenye tundu, mlaze chali. Kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuinua kitambaa kuchungulia. Ikiwa inatoka kwa nguvu, endelea kukandamiza huku mkipelekwa hospitali. Nenda hospitali pia ukiona uvimbe unaokua, homa, usaha, maumivu makali ya tumbo au mgongo, au mguu kuvimba.

Yaliyompata mjukuu wa dani

Dani alikubali. Mtoto alipitishiwa puto kwenye vena, na mpira mwingine mdogo kwenye ateri wa kupima msukumo wa damu. Vali ilifunguka vizuri. Usiku ule wodi ilikuwa imejaa na wauguzi walikuwa wachache. Dani hakulala. Kila mara aligusa miguu miwili, kama nilivyomwonyesha. Saa nane za usiku akahisi unyayo mmoja ni baridi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimwambia ni baridi ya Nairobi tu. Dani akamjibu, "Baridi ya Nairobi haichagui mguu mmoja." Akaenda kumwita muuguzi.

Damu ilikuwa imeanza kuganda katika ateri. Mtoto alipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na kufikia mchana mguu ulikuwa umepata joto. Angengoja siku moja au mbili, huenda tungekuwa na habari nyingine leo.

Sasa msichana huyo anabeba ndoo yake na kulala chali. Kila baada ya wiki 4 anakuja kwangu kudungwa sindano ya penisilini, kwa sababu puto hufungua vali lakini halizuii homa ya baridi yabisi kurudi. Usiikatishe sindano hiyo kwa kuona mtoto amepona.

Mambo ya kukumbuka

- Mpira kwenye mshipa si upasuaji wa kifua, lakini nao una hatari. Hatari kubwa iko pale unapoingilia.
- Ala nyembamba kuliko mshipa ni salama zaidi. Ndiyo maana mafundi wanabuni ala na maputo yanayopita yakiwa membamba na kupanuka panapohitajika tu.
- Uliza kabla ya kutia sahihi.
- Gusa miguu miwili kwa pamoja. Mguu mmoja baridi ni dharura.
- Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, mpeleke kliniki. Koo likitibiwa mapema, huenda moyo usihitaji mpira kamwe.

Kama una barua ya rufaa iliyofungiwa sandukuni, itoe leo. Ilete kliniki tuisome pamoja. Hadi mazungumzo yajayo, oriti.